Paka Wawili wa Bwana Mifugo

Mtaani kwetu Rusimbi kila mtu alimwita Bwana Mifugo, hata baada ya kustaafu, hata mke wake alipomwita mezani. Nami nitamwita hivyo hivyo. Tulitenganishwa na uzio wa michongoma kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku aliyonijulia hali mimi kwanza. Alianza na mnyama. "Kuku wako wamekula?" Ukishajibu ndipo alipokumbuka kwamba hajakusalimu. Basi huona haya kidogo, huvua kofia na kusema, "Mwakeye, mwalimu," salamu ya Kiha ya asubuhi, hata kama jua lilikuwa linakaribia kuzama upande wa Kongo.

Nimejaribu kuandika habari zake mara kadhaa. Kila mara nilijikuta ninaorodhesha wema wake tu, na nikisoma nilichoandika najua kwamba nimemfanya mzee wa watu mahali pa kujifichia. Safari hii nitajitia na mimi ndani, mahali panaponistahili.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Katika mfuko wa kifuani wa koti lake la kaki kilikaa kipimajoto kilichofungwa kwa pamba. Watoto wote wa mtaa walijua kinaingizwa wapi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukigusa. Watu waliendelea kumletea mbuzi, mbwa na kuku kana kwamba ofisi ya mifugo imehamia uani kwake. Siku moja nilimkuta na mama mmoja aliyekuja na mbuzi aliyevimba tumbo. Yule mama alieleza kwa kirefu alivyoamka na hofu, alivyomuota marehemu mumewe, alivyomsikia jirani akicheka. Bwana Mifugo alimsikiliza mpaka akanyamaza, kisha akamwambia, "Mama, umenieleza unavyoogopa wewe. Sasa nieleze mbuzi anavyofanya."

Hakuwa mtu wa huruma za maneno. Tulimwalika shuleni kwetu azungumze na watoto juu ya kichaa cha mbwa, na mwanafunzi mmoja akamuuliza kama anapenda wanyama. Alifikiri muda mrefu mpaka darasa likaanza kunong'ona. "Sijui," akasema. "Sijawahi kujiuliza. Najua namna ya kuwaangalia." Walimu wenzangu walicheka ofisini baadaye. Mimi sikucheka, ila sikulielewa jibu lile vizuri.

Halafu mtu huyohuyo, kwenye drafti, alikuwa mwizi. Walicheza na vizibo vya soda kwenye kibaraza cha fundi viatu, yeye na wazee wenzake, na ulipogeuza shingo kuangalia mtu anayepita, kizibo chako kilishatoweka. Ukimlalamikia hakukana. Alikirudisha mezani, akasema, "Ulikuwa hukitazami." Wenzake walishamzoea na walicheza kwa zamu, mmoja akicheza na mwingine akilinda. Mpira ukiwa redioni alimtukana mwamuzi kwa Kiha, matusi ambayo mke wake alikataa kabisa kunitafsiria.

Bibi vizee wa mtaa, akipita, waliwaita mbwa wao ndani. Nilidhani ni masihara, mpaka nikaelezwa. Miaka ya nyuma, kabla sijahamishiwa Kigoma, kila kichaa cha mbwa kilipozuka yeye ndiye aliyepita mitaani na nyama yenye sumu. Nilimuuliza jambo hilo siku moja akiwa anapalilia mihogo yake karibu na uzio. Sikutegemea jibu.

"Nilifanya," alisema. "Walioumwa walikuwa watoto." Akapalilia mashina mawili matatu. "Lakini kuna mmoja, mbwa mweupe wa dobi, hakuwa na ugonjwa. Nilimwangalia machoni, nilijua. Nikamwekea nyama kwa sababu karatasi ya amri ilisema mbwa wote. Yule nilimuua bure."

Alisema hivyo akinitazama usoni, kisha akainama na jembe lake. Nakumbuka niliona aibu kwa niaba yake, nikatafuta la kusema, nikasema mvua imechelewa mwaka huu. Leo ndipo ninapojua kwamba siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya mtu anayeweza kitu ambacho mimi siwezi.

Paka wale wawili aliletewa kutoka Kibirizi. Wanawake wanaoanika dagaa waliwakuta ndani ya kiroba, wadogo, wamekumbatiana, mama yao hayupo. Mmoja alikuwa wa rangi ya kijivu, macho yote mawili yameharibiwa na mafua ya paka, yamezibwa na ngozi. Mwingine alikuwa mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mzuri wa kutazama, naye alikuwa na kifafa. Bwana Mifugo hakuwapa majina ya maana. Kijivu na Madoa, basi. Akiwataja kwa pamoja aliwaita "wapangaji wangu", na alisisitiza kwamba mkataba wao ni mfupi, kwa sababu mke wake ana pumu na manyoya yanambana kifua.

Aliwaweka kwenye jiko la nje, na pale ndipo nilipowaona wanavyoishi. Madoa alikwenda kwenye chakula, na Kijivu alimfuata kichwa kikigusa mkia wake. Kijivu hakula mpaka amsikie mwenzake anatafuna. Na Kijivu naye alikuwa na kazi yake. Muda mfupi kabla kifafa hakijamkamata Madoa, Kijivu alitambua, sijui kwa harufu au kwa pumzi, akaanza kulia mlio mmoja mrefu ambao hakuutoa wakati mwingine wowote. Ukiusikia unakwenda kuondoa viti, unatandika gunia, unangoja. Madoa alitetemeka dakika moja au mbili, akatulia, na Kijivu akamlamba sikio mpaka akasimama.

Waliokuja kuwaomba walikuwa wengi. Mwenye duka alimtaka mmoja kwa ajili ya panya. Bwana na bibi waliooana karibuni walimpenda Madoa kwa uzuri wake. Wote aliwajibu sawa: "Wanakwenda wawili au hawaendi." Akawauliza maswali kama hakimu. Nani yuko nyumbani mchana? Mnasafiri? Mna watoto wanaorusha vitu? Wakaondoka wamechukia.

Jumapili moja, baada ya sala za jumuiya nyumbani kwa mwenyekiti wetu, alisimama akatangaza habari za paka wake, kwa sauti ileile ambayo angetangaza mbuzi aliyepotea. Watu walicheka. Nami nikasimama. Mume wangu hufanya kazi Uvinza na hurudi mwisho wa mwezi, watoto hatukujaliwa, nyumba ni tulivu. Nikasema nitawachukua wote wawili. Wakanipigia makofi. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu ana moyo." Nataka niseme wazi: niliwachukua kwa ajili ya makofi yale. Niliyasikia kabla hayajapigwa.

Bwana Mifugo peke yake hakupiga. Alinitazama akasema, "Utakuja kwangu wiki mbili kujifunza." Nikaenda. Alinifundisha kukata kidonge cha kifafa robo kwa wembe, kukiponda na kukichanganya na dagaa wa kuchemsha, asubuhi na jioni. Nisihamishe kiti wala bakuli, maana Kijivu huishika nyumba kichwani. Nisimtie Madoa kidole mdomoni anapotetemeka. Mwishoni aliniandikia yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari, na mstari wa mwisho aliupigia mstari chini: DAWA ISIKATWE GHAFLA HATA SIKU MOJA.

Miezi mitatu nilifanya vizuri. Hilo nalo ni kweli.

Kisha wifi yangu akapata mchumba, na kikao cha harusi kikafanyika sebuleni kwangu. Wageni wapo, pilau lipo mezani, wazee wa upande wa pili wamevaa makoti. Kijivu akaanza kulia ule mlio wake. Nilimsikia, lakini nilikuwa nagawa soda na sikutaka kuonekana ninakimbilia paka. Madoa akaanguka katikati ya zulia, miguu imekakamaa, povu mdomoni, mkojo ukamtoka. Mama wa bwana harusi alisimama juu ya kochi. Mtu mmoja akasema hicho si paka, ni kitu kimetumwa. Pilau halikuguswa. Wageni walipoondoka, wifi alikaa jikoni akilia.

"Dada, nyumba yako wataisemaje?" aliniuliza. "Mimi nitaingiaje kwa watu wale?"

Wiki iliyofuata, Jumatatu, mama mdogo alikuja kutoka Ilagala kununua vitu. Alilalamika kwamba panya wanatafuna nyavu za mumewe. Nilimwambia nina paka kijana, hodari, mzima. Neno hilo nililitamka kwa mdomo wangu: mzima. Nikamtia Madoa kwenye boksi, nikalifunga kamba. Vidonge sikumpa, kwa sababu ningempa vidonge ningelazimika kueleza ni vya nini, naye asingemchukua. Kijivu alilizunguka lile boksi akilinusa, akatafuta upenyo kwa ukucha. Nilimfungia chumbani mpaka mama mdogo alipoondoka.

Bwana Mifugo alikuwa na desturi ya kuja kwangu kila Jumamosi na vidonge vya wiki, tayari amevikata robo robo na kuvifunga kwenye vikaratasi. Alivipata kwa daktari kijana wa mifugo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Hakuingia ndani kwa ajili ya matope ya mabuti yake. Alisimama mlangoni.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Kifafa?"

"Hakijarudi."

"Vizuri. Umewaweza, mwalimu."

Nikavipokea vile vikaratasi kwa mikono miwili, kwa adabu, nikashukuru. Alipoondoka nikavitia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Jumamosi ya kwanza baada ya Madoa kuondoka nilivitia haraka, mlango umefungwa. Ya tatu nilivitia mlango ukiwa wazi. Nilifanya hivyo Jumamosi tano, na nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba kwa kuwa yeye anafurahi, hakuna aliyedhurika.

Kijivu hakuwa na namna ya kujidanganya. Alijigonga kwenye kuta alizozijua. Alikaa mahali boksi lilipokuwa, akaita. Nilimsogezea chakula mdomoni, siku moja akala kidogo, siku nyingine akageuza kichwa. Alipofikisha siku tatu bila kula kabisa, mbavu zikihesabika, nilivuka uzio. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Niliogopa tu kwamba atafia mikononi mwangu na nitaulizwa mwenzake yuko wapi.

Bwana Mifugo alikuwa ananoa panga. Nilimweleza nimesimama. Aliliweka panga chini, akauliza maswali mawili.

"Ulimwambia mama yako mdogo kwamba anaumwa?"

"Hapana."

"Vidonge ulimpa?"

"Hapana, mzee."

Mke wake, aliyekuwa anachambua mboga, aliacha kuchambua. Kisha yule mzee akasema, "Boti ya Ilagala siku hizi inaondoka saa ngapi?"

Nilimsihi niende mimi. Hakunijibu wala hakunikatalia, ni kama sikusema kitu. Kesho yake alfajiri alipita kwangu, akamchukua Kijivu, akamkabidhi mkewe mwenye pumu, akaenda Kibirizi kupanda boti, na kikapu kitupu chenye mfuniko. Aliviomba pia vile vikaratasi vya dawa nilivyovificha. Nikalishusha kopo, nikampa vyote, havijafunguliwa. Alivitazama kiganjani, akavitia mfukoni.

Alirudi siku ya pili mchana, kikapu bado kitupu. Alinikuta nje nimekaa.

"Alianguka siku ya tatu baada ya kufika," alisema. "Akaanguka tena na tena. Dawa ile ukiikata, kifafa hurudi na nguvu kuliko mwanzo. Siku ya nne akafa. Nimeonyeshwa walipomzika, kwenye migomba."

Nilihesabu kimoyomoyo. Kwa hiyo tangu Jumamosi ya kwanza niliyomdanganya mlangoni pangu, Madoa alikuwa ameshakufa. Yeye alikuwa anakaa na wembe na miwani yake kila Ijumaa, anamkatia dawa paka aliye chini ya migomba ya Ilagala, na mimi namwambia amekula.

"Nisamehe, mzee," nilisema.

"Mama yako mdogo amelia sana," akajibu. "Anadhani yeye ndiye aliyemuua. Mwandikie, au mpigie. Mwambie." Akaenda zake. Mama mdogo nilimpigia baada ya wiki mbili. Hilo nalo linanisumbua, zile wiki mbili.

Nilidhani atanisema kwenye jumuiya. Nilingoja, nikajiandalia majibu. Siku moja mwenyekiti alimuuliza wale paka wa mwalimu wanaendeleaje, nami nipo hapo hapo, kitabu cha nyimbo mkononi. Bwana Mifugo aliangalia mabuti yake. "Mmoja alikufa," akasema. "Mmoja nimemrudisha kwangu, ana shida ya kula." Hakusema uongo hata neno moja. Watu wakanipa pole, na mimi nikazipokea.

Na alichofanya nyumbani kwake nilikiona kila siku juu ya michongoma. Kijivu alikataa kula akiwa peke yake, na ndani ya nyumba asingeweza kuingia kwa ajili ya pumu ya mama. Basi yule mzee, mwenye miaka sabini na ushei, alikihamishia kitanda chake kwenye jiko la nje. Alikula chakula chake pale sakafuni, akitafuna kwa sauti, mdomo wazi, mpaka Kijivu akasogea. Mke wake alimnunia mwezi mzima, akisema mumewe ameoa paka. Baadaye mzee alipata paka mwingine, wa manjano, aliyegongwa na bodaboda akabaki na miguu mitatu, na taratibu Kijivu akaanza kumfuata huyo. Kitanda kikarudi ndani.

Hakuacha kuniuliza kuku wangu wamekula nini. Hakubadilisha sauti. Ningekuwa na nafuu kama angebadilisha.

Miaka minne imepita tangu hapo. Mwaka huu mke wake alifariki, na miguu yake mwenyewe ikaanza kumkatalia, binti yake akaja kumchukua akaishi naye Kasulu, nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama. Siku mbili kabla ya kuondoka aliniita kwenye uzio. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kikapu cha mfuniko miguuni, paka wote wawili ndani. Yule wa manjano alikuwa ametulia. Kijivu alikuwa anahangaika.

Nilijua wanatafutiwa mahali. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu niliposikia habari za safari. "Mzee," nilimwambia, "niachie mimi. Wote wawili. Safari hii nitawaangalia."

Alinitazama bila hasira, kama alivyonitazama siku ile ya mbwa wa dobi.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Nimeshapata mtu. Yuko Ujiji, mshona nguo. Anashinda nyumbani."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilichokuitia ni kuwapeleka. Binti yangu hawajui. Huyu wa kijivu akipandishwa kwenye chombo hujiumiza, lakini akisikia sauti anayoijua hutulia. Yangu na yako ndizo anazozijua. Mimi siwezi kutembea."

Kumbe Kijivu aliikumbuka sauti yangu. Niliinua kikapu. Kwenye bajaji nilizungumza njia nzima, kwa kuwa nikinyamaza alianza kukwaruza. Nilimsimulia ratiba ya shule, bei ya mihogo, majina ya mitaa tunayopita. Dereva aliniangalia kwenye kioo, kisha akaacha. Kijivu alilala kimya kabisa akinisikiliza, na hilo lilinichoma kuliko kama angenikwaruza.

Mshona nguo alikuwa mama wa makamo, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Alitoka mlangoni na utepe wa kupimia shingoni.

"Amahoro, mwalimu. Karibu," alisema, akianza na salamu ya Kirundi. "Wewe ndiye uliyekuwa unawalea?"

Ningeweza kusema nimetumwa tu, na lingekuwa jibu la kutosha.

"Hapana," nilisema. "Huyu wa kijivu nilipewa, pamoja na mwenzake wa kwanza. Nikawatenganisha. Yule mwenzake nilimtoa kwa mtu bila kusema anaumwa, na bila dawa zake, akafa."

Hakusema pole. Alinitazama kidogo, akainama, akakivuta kikapu kikavuka kizingiti mpaka upande wake. Akaketi sakafuni, akafunua mfuniko. Yule wa miguu mitatu akatoka kwanza kunusa cherehani. Kijivu alibaki ndani, ameinua kichwa, masikio yote mawili yameelekea kwangu.

"Anakusikiliza wewe," alisema yule mama.

"Ndiyo. Hula akisikia mwenzake anatafuna, na ukimwekea bakuli..."

"Utanieleza yote," alisema, bila ukali. "Sasa kaa kimya kidogo, nimsemeshe mimi."

Nikanyamaza. Akaanza kumsemesha kwa Kirundi, polepole, maneno nisiyoyajua, mkono wake ukiwa wazi pembeni ya kikapu. Ilichukua muda. Nilikaa pale kizingitini, mikono mapajani, sikukohoa wala kusogea, mpaka sikio moja likageuka kumwelekea yeye, na baada yake la pili.